Kifaru Aliyechorwa kwa Barua

Katika somo la insha za maelezo sisi walimu wa Kiswahili hukutana mara kwa mara na tatizo lile lile. Mwanafunzi anaambiwa amweleze kifaru, naye anaandika kwamba kifaru ni mnyama mkubwa mwenye ngozi ngumu na pembe, kisha anaweka kalamu chini. Kwa maoni yake kazi imekwisha, maana anajua kuwa mwalimu atakayesahihisha anamfahamu kifaru. Hakuna kinachomlazimisha aseme pembe hiyo imekaa wapi hasa, masikio yana umbo gani, au ngozi imekunjamana sehemu zipi.

Kwa sababu hiyo tumeonelea katika toleo hili tuwaletee walimu wenzetu na wanafunzi wetu habari za picha za aina fulani ambazo kwa kawaida hazihesabiwi miongoni mwa zana za kufundishia lugha. Ni picha za wanyama mwitu zilizochongwa na kuchapishwa katika vitabu vya elimu ya viumbe huko Ulaya, tangu karne ya 16 hadi karne ya 19. Siku hizi huuzwa kama mapambo ya ukutani, na wengi wanaoziona huzicheka kwa jinsi wanyama wake walivyo wa ajabu. Sisi tunadhani zinastahili kusomwa kabla ya kuchekwa. Wengi wa mafundi waliozitengeneza hawakuwahi kumwona mnyama waliyemchora. Walichokuwa nacho ni barua, masimulizi ya msafiri, jina la mnyama, au kipande cha ngozi iliyokauka. Kwa hiyo makosa mengi tunayoyaona katika picha hizo yalianza kama makosa ya maneno kabla ya kuwa makosa ya mkono.

Barua kutoka Lisbon

Mfano ulio maarufu kuliko yote ni kifaru wa Albrecht Dürer, mchoraji wa mji wa Nuremberg nchini Ujerumani, wa mwaka 1515. Kisa chake ni hiki. Sultani Muzaffar Shah wa Pili wa Gujarat, magharibi mwa India, alimzawadia kifaru Afonso de Albuquerque, gavana wa Wareno katika India. Albuquerque akaona zawadi hiyo yamfaa zaidi mfalme wake, Manuel wa Kwanza wa Ureno, akampakia mnyama melini. Kifaru alishushwa Lisbon tarehe 20 Mei 1515. Tangu enzi za Warumi watu wa Ulaya walikuwa wakimsoma tu vitabuni. Mfalme alitaka kujua kama ni kweli, kama waandishi wa kale walivyodai, kwamba kifaru na tembo ni maadui wa damu. Akawakutanisha uwanjani, na tembo akatimua mbio. Baadaye kifaru huyo alitumwa Roma awe zawadi kwa Papa Leo wa Kumi, lakini mwanzoni mwa mwaka 1516 meli ilizama karibu na pwani ya Italia, naye, akiwa amefungwa minyororo, akafa maji.

Dürer hakuwapo Lisbon. Kilichomfikia ni habari za barua pamoja na mchoro wa haraka uliofanywa na mtu mwingine. Kutokana na hivyo viwili alitengeneza chapa ya mbao yenye upana wa takriban sentimita 30 na kimo cha sentimita 21. Kifaru wake hakuvaa ngozi bali mabamba: moja begani, moja ubavuni, moja matakoni, yameunganishwa mfano wa deraya ya askari wa farasi, na kingoni mwake kuna vidoa vinavyofanana na misumari. Miguu ina magamba kama ya mjusi. Juu ya mabega, nyuma ya shingo, pana pembe ndogo ya pili ambayo haipo kwa kifaru yeyote duniani. Maelezo yaliyochapwa juu ya picha yanamlinganisha rangi na kobe mwenye madoadoa, na yanaongeza kwamba amefunikwa magamba mazito. Hata mwaka umekosewa, pameandikwa 1513.

Mwalimu wa lugha ataiona mara moja hatari ya tashbihi ya namna hiyo. Kobe ameletwa kwa ajili ya rangi tu, lakini kobe haji peke yake. Huja na gamba lake. Msomaji anayemjua mnyama anayeelezwa atalitupa gamba na kubaki na rangi. Asiyemjua atavichukua vyote viwili. Hata hivyo ni haki tumtetee Dürer kidogo. Kifaru wa India ana mikunjo mikubwa ya ngozi inayoning'inia begani na mapajani, na ngozi yenyewe imejaa vinundu, hivyo mabamba hayakuzuliwa kutoka hewani. Tena Nuremberg ulikuwa mji wa mafundi wa deraya. Mtu hueleza asichokijua kwa alichonacho karibu.

Hapa hatuna budi kutaja jambo ambalo wanafunzi wetu hulipenda. Katika Kiswahili neno kifaru lina maana mbili: mnyama, na gari la vita lililofunikwa chuma. Wasemaji wa Kiswahili walipoliona gari hilo walimkumbuka mnyama. Dürer aliposikia habari za mnyama alikumbuka chuma. Njia ni ile ile, imepitwa kutoka upande wa pili. Na sarufi inatenganisha kwa ukali: vifaru *wanakula* majani, lakini vifaru *vimevuka* daraja. Ukimwonyesha mwanafunzi picha ya Dürer na kumwomba atunge sentensi, wakati mwingine utamsikia akisita katika upatanisho, na kusita huko kuna mantiki yake.

Jambo lililotushangaza zaidi tuliposoma habari hizi ni kwamba picha iliyo karibu zaidi na ukweli ilikuwapo mwaka huo huo. Hans Burgkmair, mchoraji wa mji wa Augsburg, naye alitengeneza chapa ya mbao ya kifaru yule yule mwaka 1515. Kifaru wake ana ngozi iliyokunjamana badala ya mabamba, miguu yake ya mbele imefungwa, na pembe ya mgongoni haipo. Kwa yeyote anayetaka kumjua kifaru, hiyo ndiyo ya kutazamwa. Lakini ya Burgkmair imebaki nakala moja tu inayojulikana, iliyohifadhiwa katika jumba la Albertina mjini Vienna, ilhali ya Dürer ilichapwa kwa maelfu, na ule ubao wake uliendelea kutiwa wino hata baada ya Dürer kufa, ukiwa umepasuka na kuliwa na wadudu. Mwaka 1551 Conrad Gessner wa Zürich aliitia nakala yake katika kitabu chake kikubwa cha wanyama. Mwaka 1607 Edward Topsell akamtia katika kitabu cha Kiingereza. Kwa zaidi ya karne mbili Mzungu aliyetaka kujua kifaru ni mnyama gani alionyeshwa askari mwenye deraya na pembe ya pili mgongoni.

Ubao, shaba na jiwe

Ili kuelewa kwa nini kosa linaweza kuishi muda mrefu hivyo, yafaa tueleze jinsi picha hizo zilivyotengenezwa. Katika Kiswahili tunaziita zote picha au michoro, na hilo linaficha tofauti zilizo muhimu.

Chapa ya mbao hutengenezwa kwa kuchora juu ya ubao laini, kisha fundi hukata na kuondoa kila sehemu isiyokuwa mstari. Mstari hubaki umeinuka kama herufi za muhuri. Wino hupakwa juu yake na karatasi hugandamizwa. Faida yake ni kwamba ubao waweza kufungwa pamoja na herufi za risasi na vikachapwa kwa mara moja, kwa hiyo picha na maneno hukaa katika ukurasa mmoja.

Bamba la shaba ni kinyume chake. Hapa fundi huchimba mstari ndani ya shaba kwa chuma chenye ncha kali. Wino husuguliwa uingie katika mifereji hiyo, uso wa bamba hufutwa ukawa safi, kisha karatasi iliyoloweshwa kidogo hupitishwa pamoja na bamba chini ya gurudumu zito linaloilazimisha karatasi kuingia mferejini na kuubeba wino. Ukiona picha ya kale yenye alama ya kubonyea kuizunguka pande zote nne, hiyo ni alama ya ukingo wa bamba. Mistari ya shaba yaweza kuwa myembamba kama unywele, ndiyo maana manyoya ya simba na singa za nyani zilionyeshwa vizuri zaidi kwa njia hii. Lakini bamba haliwezi kuchapwa pamoja na herufi za kawaida. Picha za shaba ziliwekwa katika kurasa zake peke yake, na mara nyingi fundi wa picha hakuwahi kuyaona maandishi ya mwandishi. Njia nyingine ni kulifunika bamba kwa nta, kuchora juu ya nta kwa sindano, na kuiacha asidi ile palipokwaruzwa.

Mwishoni mwa karne ya 18 Thomas Bewick wa Newcastle, Uingereza, alirudi kwenye mbao, ila kwa namna mpya. Alitumia mti mgumu sana uliokatwa kwa kuvuka nyuzi zake, akauchonga kwa vyombo vya fundi wa shaba. Kitabu chake cha wanyama wenye miguu minne kilitoka mwaka 1790. Ng'ombe, mbwa na mbweha wake wamekaa kama wanataka kutoka kwenye karatasi, kwa kuwa aliwaona kila siku. Wanyama wa mbali, ambao aliwatoa katika picha za wengine, wamesimama wakakamavu. Mtu haambiwi, anaona mwenyewe wapi fundi alimjua mnyama na wapi alimsikia tu.

Chapa ya mawe, iliyobuniwa na Alois Senefelder huko Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1790, haikuhitaji kuchonga kabisa. Mchoraji alichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, na uchapaji ukategemea mafuta na maji kukataana. Kuhusu rangi, kwa muda mrefu zilitiwa kwa brashi, nakala moja moja, na watu waliolipwa kwa kazi hiyo. Hivyo chui wa kitabu kimoja aweza kuwa wa manjano na wa kitabu cha pili kama kutu.

Kwa mada yetu jambo lililo kubwa ni kwamba kuchonga bamba ni kazi ya siku nyingi na gharama. Mchapishaji aliyehitaji picha ya kifaru hakumtuma mtu India. Alichukua kitabu cha mwenzake akampa fundi. Na kwa kuwa chochote kinachochongwa jinsi kilivyo hutoka kimegeuka katika karatasi, kama sura katika kioo, mnyama aliyekuwa akitazama kulia katika picha ya asili mara nyingi hutazama kushoto katika nakala. Wanaochunguza picha hizi hutumia alama hiyo kujua nani alinakili kwa nani, kama vile nasi tunavyomgundua mwanafunzi aliyenakili kazi ya mwenzake kwa kosa moja la tahajia.

Jina linapomtangulia mnyama

Mara nyingine kosa halikutoka katika barua ndefu bali katika neno moja. Wagiriki walimwita kiboko farasi wa mtoni, na wachoraji wa kale wasiopata kumwona walimchora hivyo: farasi mnene, mwenye singa shingoni, amesimama majini. Twiga naye kwa Kigiriki alikuwa mnyama aliyeungwa kwa maneno mawili, ngamia na chui, na katika picha kadhaa za karne ya 16 na 17 kweli anaonekana kama ngamia aliyerashiwa madoa, shingo imerefuka kiasi tu. Hata Linnaeus, msomi wa Sweden aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi, alipomwandikisha twiga mwaka 1758 alibakiza ngamia na chui katika jina lake, tena akamweka katika jamii ya kulungu wa Ulaya. Picha za kuaminika zilienea baada ya mwaka 1827, wakati twiga jike aliyetolewa na Muhammad Ali Pasha wa Misri kwa mfalme Charles wa Kumi wa Ufaransa alipotembezwa kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris, na watu kwa maelfu wakamwona kwa macho yao.

Pwani yetu inaingia katika habari hizi kwa njia nyingine. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga China, mwaka mmoja baada ya mwingine kupelekwa huko kutoka Bengal. Wachina walimchora kwa brashi, na mchoro wa yule wa mwaka 1414 unajulikana mpaka leo: shingo, madoa na mwendo vyote vimekaa sawa, kwa kuwa mnyama alikuwapo mbele ya macho. Lakini walimpa jina la *qilin*, mnyama wa heri wa ngano zao. Kwa hiyo jicho laweza kuwa sahihi na neno likakosea.

Tukilinganisha, jina la Kiswahili punda milia ni jina la mtu aliyetazama. Mlia ni mstari wa rangi katika mwili wa mnyama, na mnyama kweli ni wa ukoo wa punda. Fundi wa Nuremberg angepewa maneno hayo mawili peke yake asingekosea sana. Tungependa wanafunzi wetu walizingatie jambo hili wanapoambiwa kwamba majina ya kienyeji hayana elimu ndani yake.

Msafiri aliyemkosoa Dürer

Utawala wa kifaru mwenye deraya ulianza kutikisika mwaka 1741, nahodha wa Kiholanzi alipomleta Ulaya kifaru jike kutoka India aliyepewa jina la Clara. Alizungushwa mji kwa mji kwa muda wa miaka 17 hadi alipokufa London mwaka 1758. Mwaka 1749 alipokuwa Paris, mchoraji Jean-Baptiste Oudry alimchora kwa ukubwa wake halisi, na kutokana na kazi hiyo ikatengenezwa picha ya shaba katika *Histoire naturelle* ya Buffon, kitabu cha juzuu nyingi kilichosomwa Ulaya nzima. Pembe ya mgongoni ikatoweka.

Sasa tunafika kwa mtu ambaye, kwa maoni yetu, anafundisha zaidi ya Dürer. James Bruce, msafiri kutoka Uskoti, alikaa Ethiopia kati ya mwaka 1769 na 1771 akitafuta chanzo cha mto Nile, na mwaka 1790 akachapisha masimulizi yake. Humo alimshambulia Dürer vikali, akidai kwamba picha yake ndiyo chimbuko la vituko vyote vilivyochorwa baadaye kwa jina la kifaru. Kisha akatoa picha yake ya kifaru wa Afrika mwenye pembe mbili, akisema imechorwa kutoka kwa mnyama mwenyewe. Picha hiyo ina pembe mbili kweli. Lakini mwili ni wa kifaru wa India, yule yule wa Buffon, na mikunjo yake yote ya ngozi, ilhali vifaru wa Afrika hawana mikunjo hiyo kabisa. Ngozi yao imenyooka. Wachunguzi walipozilinganisha picha hizo waliona kuwa kilichofanyika ni kumwongezea kifaru wa Buffon pembe ya pili.

Bruce alifika. Hakuna anayeweza kumwambia hakuikanyaga Ethiopia. Tofauti na Dürer, yeye hakukosa nafasi ya kutazama. Kilichomshinda ni picha iliyotangulia kukaa kichwani, au kichwani mwa fundi aliyechonga bamba lake, na picha hiyo ikawa na nguvu kuliko mnyama. Nasi tunalijua jambo hili katika kazi yetu. Mara ngapi tumesoma tafsiri ambayo mtafsiri ana matini ya asili mezani, lakini sentensi zake zinafuata tafsiri ya mtu aliyemtangulia, pamoja na makosa yake, na yeye akaongeza neno moja tu, pembe yake ya pili?

Okapi anatupa mfano ulio karibu nasi zaidi hapa Uganda. Mwaka 1890 Henry Morton Stanley aliandika kwamba Wambuti wa msitu wa Ituri wanamjua mnyama afananaye na punda. Neno hilo punda ndilo lililoongoza yote yaliyofuata. Harry Johnston, aliyekuwa Kamishna Maalumu wa Uingereza nchini Uganda kuanzia mwaka 1899, aliingia msituni upande wa Kongo kumtafuta mnyama huyo. Wambuti walimwonyesha nyayo zake zenye kwato zilizopasuka mbili. Johnston akakataa kuziamini, kwa kuwa punda na farasi wana kwato moja isiyopasuka, naye alikuwa akitafuta punda. Vipande vya ngozi yenye milia alivyovipeleka London vilipewa jina la kisayansi linalomweka mnyama katika jamii ya farasi. Ni hadi ngozi nzima na mafuvu mawili yalipofika mwaka 1901 ndipo ikathibitika kuwa okapi ni ndugu wa twiga. Wambuti walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo. Johnston, ambaye alikuwa pia mchoraji, alimchora kwa rangi kutokana na ngozi hiyo, na picha yake ikachapishwa mwaka huo huo. Okapi aliye hai hakufika Ulaya hadi mwaka 1919, alipopelekwa Antwerp.

Wanyama waliobaki karatasini

Tusije tukadhani kwamba picha hizi ni za kusahihisha tu. Kuna wanyama ambao leo hatuna njia nyingine ya kuwaona. Kwaga wa Afrika Kusini, aliyekuwa na milia kichwani na shingoni na nyuma akabaki wa rangi ya hudhurungi, aliwindwa mpaka akaisha. Wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Amsterdam tarehe 12 Agosti 1883. Picha za kamera za kwaga aliye hai ni chache sana na zote ni za jike mmoja wa London. Ukitaka kumwona katika nchi yake huna budi kumwendea Samuel Daniell, aliyesafiri huko na kuchapisha picha zake mwaka 1804 na 1805. Swala wa buluu, ndugu wa korongo na palahala wetu, alitoweka mapema zaidi, karibu na mwaka 1800, na ngozi zake zilizojazwa zilizobaki katika majumba ya makumbusho ni nne tu. Picha zake za kale si nzuri. Kosa la mchoraji hapo haliwezi tena kusahihishwa na mtu yeyote, maana hakuna wa kulinganisha naye.

Kwa wasomaji wa Uganda hili si jambo la mbali. Vifaru wa nchi yetu, wakiwamo weupe wa kaskazini waliokuwa wakiishi West Nile, waliisha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wale wanaotunzwa Ziwa, wilayani Nakasongola, waliletwa kuanzia mwaka 2005 na ni wa asili ya kusini. Dume wa mwisho wa kifaru weupe wa kaskazini alikufa Ol Pejeta, Kenya, tarehe 19 Machi 2018, wakabaki majike wawili. Wapo wanafunzi wetu waliotoka West Nile ambao babu zao waliwaona vifaru hao, na wao wenyewe wanamjua mnyama huyo kwa picha na kwa maneno ya babu. Wako pale alipokuwa Dürer.

Zoezi la darasani

Zoezi tunalolipendekeza ni jepesi. Mwanafunzi mmoja apewe picha ya kale ya mnyama, wenzake wasiione. Kazi yake ni kuieleza kwa Kiswahili kwa muda wa dakika kumi, bila kulitaja jina la mnyama na bila kuonyesha kwa mikono. Wengine wachore wanachokisikia. Kisha michoro ibandikwe ukutani pamoja na picha ya asili, na darasa lijadili kila tofauti ilitokana na neno gani. Tulipolijaribu na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, msemaji alisema “ana pembe kichwani”. Nusu ya darasa ikaweka pembe mbili juu ya masikio kama za ng'ombe, na mmoja akaweka moja katikati ya paji la uso. Hakuna aliyeiweka puani. Mabishano yaliyofuata juu ya tofauti ya kichwa, paji, pua na pembe yake umoja na wingi yalichukua kipindi kizima, nasi hatukusema sana.

Yafaa mwalimu aandae mapema msamiati wa madoa, mabaka, milia, mikunjo, magamba, vinundu, singa na kwato, maana wengi hutumia neno “alama” kwa vyote hivyo. Upatanisho wa ngeli pia hujitokeza wenyewe: kiboko huyu, mdomo wake, mikunjo yake, picha hii inayomwonyesha. Kwa madarasa ya juu, apewe mwanafunzi kifaru wa Dürer na wa Burgkmair pamoja, aandike aya mbili ambazo msomaji atazitumia kuwatofautisha bila kuziona picha zenyewe.

Picha zenyewe hazihitaji kununuliwa. Maktaba nyingi za Ulaya na Marekani zimeviweka vitabu hivi kwenye intaneti bila malipo, na hazina ya Biodiversity Heritage Library ina juzuu kwa maelfu. Tunamshauri mwalimu asishawishike kununua kurasa zinazouzwa moja moja, kwa kuwa nyingi zimetoka katika vitabu vilivyokatwakatwa na wafanyabiashara, na picha iliyotenganishwa na maelezo yake imepoteza nusu ya yale yanayotuhusu sisi. Kwa wale wanaotumia mashine ya fotokopi, chapa za mbao za Dürer na za Bewick hutoka vizuri kwa sababu mistari yake ni mizito na dhahiri. Picha za shaba zina mistari iliyosongamana mno na mara nyingi hutoka nyeusi, hivyo ni heri kuzikuza kwanza.